Theodor Kocher: Daktari aliyewaita wagonjwa wake warudi

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kliniki kutoka kwa wenye upungufu wa homoni ya thairoidi ni uzito. Mtu anasema anakula kidogo, hata watu wa nyumbani kwake wanashangaa, lakini nguo zinambana. Ikiwa magoti yake ni mabovu, au alipatwa na kiharusi na mguu mmoja hauna nguvu, mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu kila anayemshauri humwambia atembee, naye kutembea hawezi. Mwisho wake huambiwa kuwa ni mvivu na mlafi. Nasikitika kusema kwamba wakati mwingine maneno hayo hutoka kwetu sisi wahudumu wa afya.

Wiki hii nawaletea maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, Profesa Theodor Kocher wa Uswisi. Ukiingia chumba chochote cha upasuaji, hapa kwetu au Ulaya, utakuta koleo za chuma zenye meno ya kubania mishipa ya damu ambazo zinaitwa kwa jina lake. Lakini sababu ya kumleta kwenye safu hii ni nyingine. Huyu ndiye daktari aliyewafanya wagonjwa wake wavimbe, wawe wazito na wasiweze kutembea vizuri, bila yeye kujua. Alipojua, alifanya jambo ambalo madaktari wachache wa wakati wake wangelithubutu. Kila mgonjwa wa thairoidi anayemeza kidonge chake asubuhi ya leo ananufaika na jambo hilo.

Kijana wa Bern

Emil Theodor Kocher alizaliwa Agosti 25, 1841 katika mji wa Bern. Baba yake alikuwa mhandisi. Mama yake alikuwa mcha Mungu wa Kanisa la Moravian, kanisa ambalo wasomaji wetu wa Mbeya, Rukwa na Tabora wanalifahamu vizuri, na Kocher naye alishika imani hiyo hadi uzeeni. Waliomfahamu walimwona mtu mtulivu, mchapakazi, asiye na maneno mengi, anayetaka kila kitu kifanywe kwa utaratibu.

Alisoma udaktari katika chuo kikuu cha mji huo na kuhitimu mwaka 1865. Baada ya hapo alisafiri kwenda kuwatazama wapasuaji wakubwa wa zama zile wakifanya kazi, wakiwemo wa Berlin, London na Vienna. Mwaka 1870 alichapisha njia yake ya kurudisha bega lililoteguka bila kutumia nguvu nyingi, na njia hiyo bado inafundishwa vyuoni. Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 30 tu, aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji na mkuu wa idara hiyo katika hospitali ya Inselspital, Bern. Vyuo vya nchi nyingine vilimwita baadaye, hakwenda. Alikaa kwenye nafasi hiyo kwa miaka 45, mpaka kifo chake.

Nchi ya rovu

Ili uelewe kazi ya Kocher, ni lazima uifahamu Uswisi ya wakati ule. Ni nchi ya milima mirefu. Kwa maelfu ya miaka barafu na maji yake yaliosha udongo wa milima na kuondoka na madini joto, yale yanayowekwa leo kwenye chumvi ya mezani. Tezi ya thairoidi, ambayo wengine huiita dundumio, ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ina umbo kama la kipepeo, na inahitaji madini joto kutengeneza homoni yake. Ikiyakosa, inajitanua ikitafuta kidogo kilichopo. Hapo ndipo shingo inapotoa uvimbe tunaouita rovu, au goita. Wazee wa nyanda zetu za juu walioishi kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea katika miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa rovu ni nini.

Katika vijiji vya Bern rovu lilikuwa jambo la kawaida. Kocher mwenyewe alichunguza shingo za watoto wa shule jimboni humo na kukuta rovu kila mahali. Mengine yalikuwa madogo. Mengine yalikua mpaka yakabana bomba la hewa, mgonjwa akawa anakoroma hata akiwa macho, na wengine walikufa kwa kukosa pumzi.

Kuliondoa kulikuwa hatari vilevile. Tezi hii ina mishipa mingi ya damu, na wagonjwa wengi walikufa mezani kwa kuvuja damu au siku chache baadaye kwa vidonda kuoza. Kocher aliamini kwamba tatizo lilikuwa haraka na uchafu. Alifuata usafi wa vidonda uliokuwa umeanza kuenea kutoka Uingereza. Aliacha ile desturi ya kupasua mbio mbio. Alikata taratibu, akabana kila mshipa mdogo kabla haujavuja, akatenganisha tezi na viungo vya jirani hatua kwa hatua. Miaka ya mwanzo wagonjwa zaidi ya 10 kati ya kila 100 walifariki. Kufikia mwisho wa maisha yake, akiwa amefanya zaidi ya operesheni 5,000 za tezi hii, waliofariki walikuwa chini ya 1 kati ya kila 100.

Binti wa miaka 11

Wakati huo hakuna aliyejua tezi ya thairoidi inafanya kazi gani. Wengi waliiona kama kipande cha nyama kisicho na kazi yoyote mwilini. Kwa hiyo Kocher, mtu wa utaratibu, alipoona rovu limeenea tezi nzima aliitoa yote bila kubakiza hata kipande. Kidonda kilipona, uvimbe ulikwisha, mgonjwa akarudi kijijini akiwa na shukrani.

Januari 1874 alimfanyia hivyo binti wa miaka 11. Operesheni ilikwenda salama. Baadaye daktari wa kule alikotoka binti alimpelekea Kocher taarifa kwamba mtoto amebadilika. Alikuwa mchangamfu, sasa amekuwa mzito, mpole kupita kiasi, mvivu, na wazazi wanalazimika kumsukuma ndipo afanye kazi za nyumbani. Taarifa hiyo ilifika, lakini miaka ilipita kabla haijapata maana yake. Kocher aliendelea kupasua.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Mtoto aliyenyang'anywa homoni yote ya mwili wake alionekana mvivu machoni pa watu waliompenda. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walitazama tabia, kwa sababu tabia ndiyo iliyoonekana.

Septemba 1882 Kocher alikutana mjini Geneva na mpasuaji mwenzake, Jacques-Louis Reverdin. Reverdin alimweleza kwamba baadhi ya wagonjwa aliowatoa tezi nzima wamerudi wakiwa dhaifu na wamevimba. Mazungumzo hayo yalimrudisha Kocher kwa yule binti.

Barua kwa wagonjwa

Angeweza kunyamaza. Jina lake lilikuwa limekwisha kujengeka, wagonjwa walimjia kutoka mbali, na hakuna aliyekuwa anamshitaki. Badala yake aliandika barua kwa wagonjwa wote wa rovu aliowahi kuwapasua, akiwaomba warudi Bern awachunguze upya.

Miongoni mwa waliotolewa tezi nzima, waliorudi walikuwa 18. Kati yao 16 walikuwa na hali moja. Nyuso zilikuwa zimevimba, macho yamefumba nusu, midomo minene. Mikono na miguu ilikuwa imetuna. Ngozi ilikuwa kavu, nywele zimepungua. Walihisi baridi wakati wengine wanaona joto. Walizungumza polepole na kusahau. Walilalamika kuwa viungo ni vizito na vinauma, na kutembea au kushika kazi ya mikono kumekuwa mzigo. Baadhi walikuwa wameacha kazi zao kabisa.

Yule binti naye alirudi, sasa akiwa mwanamke kwa umri. Zilikuwepo picha mbili. Katika ya kwanza, kabla ya operesheni, amesimama na mdogo wake na wanafanana kimo. Katika ya pili, miaka 9 baadaye, mdogo wake ni mwanamke mzima aliyekomaa, na yeye amebaki na kimo cha mtoto, uso umevimba, macho hayana uhai.

Lakini wale aliowatoa sehemu tu ya tezi walikuwa wazima. Jibu lilikuwa mbele yake. Kibaya zaidi, ustadi wake ndio uliokuwa umewaumiza. Mpasuaji mwenye mikono mizito angeacha vipande vya tezi nyuma bila kukusudia, na vipande hivyo vingemwokoa mgonjwa. Kocher hakuacha kitu.

Aprili 1883, akiwa na umri wa miaka 41, alisimama mjini Berlin mbele ya mkutano wa wapasuaji wa Ujerumani na kueleza yote: operesheni zake 101 za rovu, waliokufa, waliopona, na wale aliowaharibia maisha. Alitamka kwamba hatatoa tena tezi nzima kwa rovu la kawaida. Mwaka huohuo alijaribu hata kumpandikizia mgonjwa wake kipande cha tezi kutoka kwa mtu mwingine, akitafuta njia ya kurudisha alichokiondoa.

Hakuwa sahihi katika kila jambo. Mwanzoni alidhani hali ile ilitokana na bomba la hewa kuathirika na mwili kukosa hewa ya kutosha. Kulikuwa pia na ubishi kati yake na Reverdin juu ya nani aliligundua jambo hili kwanza, na historia inampa Reverdin haki yake. Ila ushahidi wa Kocher, kwa idadi yake na uwazi wake, ndio uliowalazimisha madaktari kukubali kwamba ile nyama isiyo na kazi ilikuwa injini ya mwili.

Kondoo wa Newcastle

Kilichofuata kilikwenda kasi. London, daktari Felix Semon alitoa hoja kwamba wagonjwa wa Kocher wana ugonjwa uleule ambao madaktari wa Uingereza walikuwa wakiuona kwa wanawake watu wazima ambao hawajawahi kupasuliwa, wanaovimba na kuwa wazito bila sababu kujulikana. Hoja ikachekwa mwanzoni, kisha ikachunguzwa na kukubaliwa. Mpasuaji Victor Horsley alitoa tezi za nyani na kuona hali ileile.

Mwaka 1891, katika mji wa Newcastle, daktari kijana George Murray alitengeneza maji ya tezi ya kondoo na kumchoma sindano mama wa miaka 46 aliyekuwa amevimba na kudhoofika. Ndani ya miezi michache uvimbe ulishuka, nywele ziliota, akaanza kutembea na kuzungumza kama zamani. Mwaka uliofuata madaktari wengine walionyesha kwamba dawa hiyo inaweza kumezwa. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi, na inakadiriwa kwamba alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Siku ya Krismasi mwaka 1914, Mmarekani Edward Kendall alifanikiwa kuitenga homoni yenyewe, thairoksini. Kidonge kidogo cheupe tunachokitoa leo ni mtoto wa kazi hizo zote.

Tuzo na usiku wa mwisho

Kocher aliendelea kupasua, kufundisha na kuandika. Wapasuaji vijana walitoka Ulaya na Marekani kwenda kujifunza kwake, mmojawapo Harvey Cushing, aliyekuja kuwa baba wa upasuaji wa ubongo. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yake juu ya tezi ya thairoidi, akiwa mpasuaji wa kwanza kuipata. Baadaye alitoa faranga 200,000 kwa ajili ya taasisi ya utafiti mjini Bern, ambayo inaitwa kwa jina lake.

Julai 1917, akikaribia kutimiza miaka 76, aliitwa usiku hospitalini kwa mgonjwa wa dharura. Alimpasua, kisha akajisikia vibaya na kwenda kulala. Alifariki siku chache baadaye, Julai 27. Miaka 5 baada ya kifo chake, mwaka 1922, Uswisi ilianza kuweka madini joto kwenye chumvi, na rovu lililompa kazi maisha yake yote likaanza kutoweka.

Tunajifunza nini wenye uzito wa thairoidi

Jambo la kwanza ni kuondoa lawama. Homoni ya thairoidi ndiyo inayoamua mwili uchome nishati kwa kasi gani. Ikipungua, moyo hupiga polepole, utumbo hufanya kazi taratibu, misuli huchoka, na chakula kilekile cha jana kinatumika kidogo kuliko jana. Zaidi ya hapo, chini ya ngozi hukusanyika vitu vinavyonasa maji na chumvi. Ndiyo maana uso na miguu ya wagonjwa wa Kocher ilituna. Sehemu kubwa ya uzito unaoletwa na thairoidi pekee ni maji hayo kuliko mafuta.

Jambo la pili linahitaji ukweli, hata kama halifurahishi. Kwa watu wengi, uzito unaotokana moja kwa moja na thairoidi ni kama kilo 2 hadi 5, na huwa zaidi pale ugonjwa ulipokaa muda mrefu bila tiba. Ukipata dozi sahihi, kiasi hicho hupungua katika miezi ya mwanzo. Ikiwa vipimo vyako vimekaa sawa na bado una kilo 20 za ziada, thairoidi si mhusika pekee. Huenda ulikaa miaka mingi ukiwa mchovu na mwili ukapoteza misuli, huenda ni umri, chakula, usingizi, au dawa nyingine unazotumia. Kuongeza vidonge vya thairoidi ili upungue haraka ni kosa kubwa. Dozi iliyozidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, na mtu asiyetembea sana tayari ana mifupa inayopungua nguvu.

Kwa hiyo anza na kipimo. Damu hupimwa TSH, na baada ya kuanza dawa au kubadili dozi hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Meza thairoksini kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, na usubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, kahawa au maziwa. Vidonge vya madini ya chuma, kalisi na dawa za kiungulia vitumie kwa tofauti ya saa 4. Wagonjwa wengi ninaowaona dozi imegoma kufanya kazi wanaimeza pamoja na chai ya maziwa au na dawa za damu. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema. Anaweza kuimeza usiku wa manane, saa 3 au zaidi baada ya kula. Ukipata ujauzito usisubiri tarehe ya kliniki, wahi, kwa sababu dozi huhitaji kuongezwa mapema. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu.

Kwa asiyeweza kutembea

Mgonjwa ambaye magoti au kiharusi vimemketisha hana haja ya kukata tamaa. Kitakachopunguza uzito wake zaidi ni chakula, na mazoezi yatalinda misuli na moyo wake.

Anza na vinywaji. Soda, juisi za pakiti na chai yenye vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku vinatosha kuzuia uzito usishuke. Kisha tazama sahani. Nusu yake iwe mboga za majani na mboga nyingine, robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au mayai, na robo inayobaki ndiyo ugali, wali, ndizi au viazi. Mtu anayekaa muda mrefu huhitaji vyakula vya kujenga mwili ili asipoteze misuli, hivyo usipunguze maharage na dagaa ukabakiza ugali. Maandazi na chapati za mafuta ziwe za mara moja moja. Usifunge kula siku nzima halafu ule usiku kufidia.

Mazoezi yapo hata kitini. Keti kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, kama una kiti cha magurudumu kifunge breki. Nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi 5, ushushe, badili. Inua chupa mbili za maji za nusu lita kama vyuma, mara 10, pumzika, rudia. Ukiweza, simama kutoka kitini na ukae tena polepole ukishika meza, na mtu awe karibu. Dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, zina faida kuliko nusu saa ya siku moja inayokufanya ulale siku tatu na maumivu. Muone mtaalamu wa fiziotherapia akupangie yanayofaa hali yako. Ukipata maumivu ya kifua, pumzi kukata au kizunguzungu, acha na utafute msaada.

Asiyeweza kusimama kwenye mizani apime kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, mara moja kila wiki 2, asubuhi, na aandike. Kupungua kwa nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na hata polepole zaidi ya hapo ni maendeleo.

Kwa wazazi

Zile picha mbili za madada wa Bern zina ujumbe wenu. Mtoto anayenenepa kwa kula kupita kiasi kwa kawaida kimo chake huendelea kupanda, hata kuwazidi wenzake. Mtoto anayenenepa huku kimo kimesimama anahitaji kupimwa thairoidi. Weka alama ya kimo chake ukutani kila miezi 6, na itazame kadi ya kliniki. Ongeza na dalili nyingine: anahisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu, amezubaa, masomo yameshuka ghafla. Kabla hujamchapa au kumwita mvivu, mpeleke akapimwe.

Kwa kichanga, angalia manjano isiyoisha, kulala kupita kiasi, kunyonya kwa udhaifu, kulia kwa sauti nzito, ulimi mkubwa na kitovu kilichotoka. Hapa siku zina thamani kubwa. Mtoto anayeanza dawa ndani ya wiki 2 za kwanza ana nafasi nzuri sana ya kukua na akili timamu, na kila mwezi unaopotea huacha athari ambayo dawa haiwezi kuifuta.

Kocher aliishi wakati ambao hakuna kipimo cha damu cha tezi hii wala kidonge. Alichokuwa nacho ni barua, na utayari wa kuwatazama usoni watu aliowaumiza. Leo kipimo kipo na dawa ipo. Kama umekuwa ukiambiwa kwa miaka kwamba uzito wako ni uvivu, rudi kliniki na uombe upimwe. Kama tayari unatumia dawa na hujapima mwaka mzima, rudi pia. Na wenzangu wa kazi nawakumbusha: mgonjwa anaposema anakula kidogo na bado anaongezeka, tumsikilize kwanza.